Barua pepe yenye jina la kikundi chenu: jinsi ya kuifungua, na jinsi ya kuilinda isipotee

Makala hii ni kwa vikundi vya wakimbizi, vyama vya ushirika, wachuuzi wa mpakani na wenye biashara ndogo wa Rusizi wanaotaka anwani ya barua pepe inayobeba jina lao wenyewe, kwa mfano ofisi@jinalenu.rw, badala ya anwani ya bure inayoishia na gmail.com au yahoo.fr. Inaeleza nani anaihitaji na nani haihitaji, hatua za kufuata, na makosa ambayo yanaweza kuwapotezea anwani hiyo.

Kwa ufupi:

- Jina la kwenye intaneti, yaani domeni, hukodishwa kwa mwaka. Msipolipia upya, linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine.
- Anayeshika neno la siri la akaunti mliyosajilia jina ndiye anayelishika jina lenyewe, hata kama fedha zilichangwa na kikundi kizima.
- Kuwa na domeni hakuwapi sanduku la barua. Domeni na sanduku ni vitu viwili, na vinaunganishwa kwa rekodi chache ambazo mtu yeyote mwenye subira anaweza kuziweka.

Kwa nini jambo hili linatugusa hapa Rusizi

Daraja la mpaka wa Rusizi I linaunganisha wilaya yetu na Bukavu. Watu huvuka kwa miguu wakiwa na nyanya, samaki, unga, maziwa na vitenge, na jioni hurudi. Vikundi vingi vina wanachama pande zote mbili za mto. Mtu mmoja huwa na laini mbili au tatu za simu, ya Rwanda na ya Kongo, na kila moja ina nguvu upande wake. Ukiwa karibu na daraja, simu yenyewe hubabaika: mara inashika mtandao wa huku, mara wa ng'ambo.

Watu pia huhama. Kituo cha muda cha Nyarushishi hupokea wanaoingia kutoka Kongo kabla hawajapelekwa kambini. Wengine huenda Mahama, wilayani Kirehe, mbali kabisa na hapa. Wengine hupata makazi mapya katika nchi ya tatu. Wengine hurudi kwao.

Sasa fikiria kikundi ambacho anwani yake ya bure ilifunguliwa na katibu kwa simu yake mwenyewe. Neno la siri analijua yeye, na ujumbe wa kuthibitisha unaingia kwenye laini yake. Siku akiondoka, anwani inaondoka naye. Hata akiwaachia neno la siri kwa nia njema, mara mnapojaribu kufungua kwa simu nyingine mnaombwa namba ya uthibitisho, na namba hiyo inatumwa kwenye laini iliyokwisha kuzimwa. Jibu la mfadhili, oda ya mnunuzi, barua ya ofisi ya wilaya, vyote vinabaki ndani ya sanduku ambalo hakuna awezaye kulifungua.

Anwani yenye domeni yenu inaondoa tatizo hili, kwa sharti moja: ifunguliwe kwa jina la kikundi na funguo zake zishikwe na zaidi ya mtu mmoja. Hapo katibu@jinalenu.rw inabaki ileile. Katibu akihama, mnabadilisha neno la siri na kumkabidhi katibu mpya. Barua zote za zamani zipo, na waandishi wenu hawana haja ya kuambiwa lolote.

Je, mnaihitaji kweli?

Si kila mtu anaihitaji. Ukiwa unatafuta kazi, unaomba nafasi ya chuo au unawasiliana na ndugu, anwani ya bure inakutosha. Iandikishe kwa jina lako halisi, weka namna ya pili ya kuirudisha ukisahau neno la siri, basi.

Anwani yenye domeni inafaa pale ambapo:

- kikundi kina viongozi wanaobadilika kila baada ya muda;
- mnaandikia wafadhili, mnaomba zabuni au mnatuma ankara kwa wanunuzi;
- watu zaidi ya mmoja wanatakiwa kusoma na kujibu barua za kikundi;
- mna uhakika wa kulipa ada kila mwaka, hata mwaka ambao mfadhili ameondoka.

Sharti hilo la mwisho ndilo zito. Kikundi kisichoweza kulipa mwaka wa pili ni afadhali kisianze. Jina likiisha muda, yeyote anaweza kulisajili, na kuanzia siku hiyo barua zinazoandikwa kwenu zitakuwa zinaingia kwake: za wafadhili, za benki, hata zile za kurejesha neno la siri la akaunti zenu nyingine.

Domeni ni nini?

Barua pepe ya kwanza iliyotumwa kati ya kompyuta mbili za mtandao ilitumwa mwaka 1971 na Mmarekani Ray Tomlinson, ndiye aliyechagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta yake. Wakati huo kompyuta za mtandao zilikuwa chache, na majina yake yote yaliandikwa katika orodha moja. Zilipoongezeka orodha ikalemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa domeni tunaoutumia hadi leo, ambamo kila sehemu ya jina ina msimamizi wake.

Anwani husomwa kuanzia kulia, kama unavyomwelekeza mgeni: kwanza nchi, kisha nyumba, kisha mlango. Katika ofisi@jinalenu.rw, rw ni Rwanda, jinalenu ni nyumba yenu, na ofisi ni mlango mmojawapo. Nyumba ikiwa yenu, mnaweza kufungua milango mnayotaka: mhasibu@, mauzo@, vijana@.

Kila nchi ina herufi zake mbili: .rw kwa Rwanda, .cd kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, .bi kwa Burundi, .tz, .ke na .ug kwa jirani zetu. Kongo yenyewe inatufundisha kitu hapa. Ilipokuwa Zaire ilitumia .zr. Jina la nchi lilipobadilika mwaka 1997 ikaja .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa. Aliyekuwa na anwani ya .zr alilazimika kuhama. Maana yake, mwisho wa jina unaouchagua una mwenyewe, na yeye ndiye anayeweka masharti.

Kwa .rw msimamizi ni RICTA, shirika lisilo la faida la hapa Rwanda. Chini ya .rw kuna pia .co.rw kwa biashara, .org.rw kwa mashirika na .coop.rw kwa vyama vya ushirika. Kwa .com na .org, kanuni za jumla zinatoka ICANN, chombo cha kimataifa kilichoanzishwa mwaka 1998.

Mchague ipi? Ikiwa wateja na ofisi mnazoandikia ziko Rwanda, .rw inaonyesha wazi mko wapi, na msajili mnaweza kumpata kwa simu au kumfuata dukani. Ikiwa kikundi kina wanachama Kamembe na Bukavu na hakitaki kuonekana ni cha upande mmoja, .org au .com hubaki vilevile hata ofisi ikihamia ng'ambo.

Kabla ya kuanza: kubalianeni mambo matatu

Yazungumzeni katika mkutano na yaandikeni kwenye kumbukumbu za kikao.

*Nani ni mwenye jina.* Kama kikundi kimeandikishwa, jina lisajiliwe kwa jina la kikundi. Vyama vya ushirika Rwanda huandikishwa na RCA, mashirika yasiyo ya kiserikali na RGB, na kampuni na RDB. Kama bado hamjaandikishwa, itabidi mtu mmoja awekwe kama mwenye jina. Hapo andikeni karatasi fupi, isainiwe na viongozi watatu, ikisema kwamba jina ni mali ya kikundi na kwamba mtu huyo atalikabidhi akiacha uongozi.

*Nani analipa, na lini.* Tengeni ada ya miaka miwili tangu mwanzo. Bei hutofautiana kwa msajili na kwa aina ya jina, na mara nyingi bei ya mwaka wa kwanza ni ya kuvutia wateja tu. Ulizeni bei ya mwaka wa pili kabla ya kulipa wa kwanza.

*Kwa njia gani.* Wengi wetu hatuna kadi ya benki. Tafuteni msajili anayepokea malipo ya simu. Mkimwomba rafiki mwenye kadi awalipie, alipe tu. Akaunti ifunguliwe na ninyi, kwa barua pepe yenu na neno lenu la siri. Akifungua kwa akaunti yake, kwa msajili yeye ndiye mteja, na mkikosana naye hamtakuwa na pa kushika.

Hatua kwa hatua

1. Chagueni jina. Linaweza kuwa na herufi, tarakimu na kistari, hadi alama 63, lakini fupi ni bora. Lijaribuni kwa simu: mpigie mtu aliye Bukavu, mtajie jina mara moja, aliandike. Akikosea, badilisheni. Hapa kwetu r na l huchanganywa sana, kwa hiyo jina kama baraka linaweza kuandikwa balaka. Epukeni pia vistari na tarakimu, kwa sababu mtu akisikia “mbili” hajui aandike 2 au neno.

2. Tafuteni msajili. RICTA ina orodha ya wasajili waliokubaliwa kuuza majina ya .rw. Kabla ya kulipa, mwulizeni msajili maswali manne: Nani ataandikwa kuwa mwenye jina? Je, tutaweza kubadilisha rekodi wenyewe? Je, mtatupa namba ya kuhamishia jina kwa msajili mwingine tukitaka? Mtatukumbusha vipi muda ukikaribia kuisha? Akisita kujibu la kwanza au la tatu, nendeni kwa mwingine.

3. Sajilini na kuthibitisha. Fungueni akaunti kwa barua pepe ambayo viongozi wawili wanaifikia. Isiwe anwani iliyo ndani ya domeni ileile mnayoisajili, maana domeni ikikwama hata ujumbe wa kuwaambia imekwama hautawafikia. Kwa .com na .org mtatumiwa ujumbe wa kuthibitisha anwani yenu. Msipobofya kiungo chake ndani ya siku 15, jina linaweza kusimamishwa. Hakikisheni ujumbe huo umetoka kwa msajili wenu mwenyewe.

4. Chagueni pa kuweka sanduku la barua. Kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kuelekeza tu. Barua zinazokuja ofisi@jinalenu.rw zinapelekwa moja kwa moja kwenye anwani ya bure mliyo nayo. Ni rahisi, na mara nyingi ni bure. Cloudflare kwa mfano wana huduma hiyo. Kasoro yake ni kwamba mnapojibu, jibu linatoka kwenye anwani ya zamani isipokuwa mmeweka mipangilio ya ziada, na barua bado zinakaa katika sanduku la mtu mmoja.

Ya pili ni kukodi sanduku kamili kwa kampuni ya barua pepe, kama Google Workspace, Microsoft 365 au Zoho Mail. Hulipiwa kwa kila mtumiaji kwa mwezi au mwaka. Zoho wamekuwa na mpango wa bure kwa vikundi vidogo vya watumiaji wasiozidi 5. Angalieni kama unapatikana siku mnapojiandikisha. Google huwapa mashirika yasiyo ya faida yaliyoandikishwa rasmi huduma ya Workspace bila malipo, baada ya kuyahakiki. Kikundi chenye cheti kianze kwa kuomba hiyo.

Ya tatu ni sanduku linalokuja pamoja na nafasi ya tovuti mnayokodi kwa msajili. Bei yake huwa nafuu, ila nafasi ya kuhifadhi huwa ndogo, na seva ikitumiwa vibaya na mteja mwingine, barua zenu nazo zinaweza kuanza kutupwa kwenye taka.

Kwa kikundi chenye viongozi watatu au wanne, njia ya pili ndiyo inayokidhi lengo la makala hii: kila cheo na mlango wake, na kikundi kinashika funguo.

5. Unganisheni domeni na sanduku. Kampuni ya barua pepe itawapa kwanza maandishi ya kuthibitisha kwamba jina ni lenu, kisha rekodi ziitwazo MX. MX ni kama kibao njiani kinachoiambia dunia nzima: barua za nyumba hii zipelekwe kwenye seva ile. Ingieni kwenye akaunti ya msajili, tafuteni sehemu ya rekodi za DNS, nakilini maneno jinsi yalivyo, na mfute rekodi za MX za zamani kama zipo. Herufi moja ikikosewa barua hazifiki. Msiandike kwa mkono. Nakilini na kubandika. Mabadiliko huchukua dakika chache hadi saa 48 kuenea.

6. Jaribuni. Tumeni barua kutoka anwani nyingine kuja kwenu, na kutoka kwenu kwenda kwa watu watatu wanaotumia huduma tofauti. Waambieni waangalie na kwenye taka.

7. Hameni taratibu. Msiifunge anwani ya zamani. Iwekeni iwe inaelekeza barua kwenye anwani mpya kwa angalau mwaka mmoja, na kila mnapojibu, jibuni kutoka mpya. Badilisheni anwani katika benki, kwa wafadhili, kwenye ofisi za serikali na kwenye mihuri na karatasi zenu.

Rekodi tatu zinazozuia kughushiwa

Mtu yeyote anaweza kuandika barua na kudai imetoka kwenu, kama vile mtu anavyoweza kuandika jina la mwingine nyuma ya bahasha. Rekodi tatu zinasaidia kampuni za barua pepe kutambua ya kweli.

*SPF* ni orodha ya seva zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina lenu. Huanza na v=spf1. Iwe moja tu. Mkiweka mbili, zote zinakuwa kasoro. Mkianza kutumia huduma ya pili, iongezeni ndani ya ileile.

*DKIM* ni muhuri. Kila barua inatoka imepigwa muhuri wa siri, na ufunguo wa kuuhakiki unawekwa wazi kwenye rekodi zenu. Kampuni ya barua pepe huwatengenezea. Kazi yenu ni kunakili.

*DMARC* inaeleza la kufanya barua ikishindwa majaribio hayo. Anzeni kwa upole:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ofisi@jinalenu.rw

Hapo mnapokea tu taarifa. Baada ya wiki kadhaa, mkiona barua zenu zote zinapita, badilisheni none iwe quarantine, na mwishowe reject.

Msiziruke. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanataka kila anayetuma barua kwa watumiaji wao awe na angalau SPF au DKIM, na wanaotuma kwa wingi wawe na zote tatu. Anwani mpya isiyo na rekodi hizi inaweza kujikuta barua zake zikiishia kwenye taka, na mfadhili akadhani hamkujibu.

Nani anashika funguo?

Tukirudi kwenye hatari ya mtu mmoja kuhama na kila kitu, kuna funguo tatu, na kila moja ina wake wa kuishika:

1. Akaunti ya msajili. Hii ndiyo kubwa kuliko zote, kwa kuwa mwenye hiyo anaweza kuzielekeza barua popote. Ishikwe na watu wawili, kwa mfano mwenyekiti na mweka hazina.
2. Akaunti ya msimamizi wa barua pepe, inayofungua na kufunga masanduku. Ishikwe na wawili pia.
3. Sanduku la kila mtu. Hili ni la mwenye cheo peke yake, na asimpe mwingine neno lake la siri.

Wekeni uthibitisho wa hatua mbili kwenye zote. Hapa mpakani msitegemee ujumbe mfupi wa simu, kwa sababu laini yako ya Rwanda inaweza isipokee ujumbe ukiwa Bukavu, na laini ikipotea au ikifungwa mmefungiwa nje. Tumieni programu ya simu inayotengeneza namba za uthibitisho. Hufanya kazi hata bila mtandao. Kisha chapisheni zile namba za akiba mnazopewa mnapoiwasha, zitieni kwenye bahasha, ifungeni na kuiweka pamoja na cheti na daftari la kikundi.

Kiongozi anapoondoka, siku ya makabidhiano fanyeni haya mbele ya mashahidi: badilisheni maneno ya siri, ondoeni simu yake kwenye uthibitisho, fungueni jina la mpya, na muandike kwenye kumbukumbu. Si kumshuku mtu. Anayeondoka naye analindwa, kwa kuwa baadaye hakuna awezaye kusema alitumia anwani ya kikundi.

Usalama wa wanachama

Anayesajili jina huombwa majina, simu na mahali anapoishi. Baadhi ya taarifa hizo zinaweza kuonekana na mtu yeyote katika orodha ya umma ya wenye majina. Kwa mtu aliyekimbia hatari, hilo si jambo dogo. Kabla ya kujaza fomu, mwulizeni msajili nini kitaonekana, na kama ana huduma ya kuficha. Tumieni anwani ya ofisi ya kikundi au sanduku la posta, wala si namba ya nyumba ya mtu kambini. Taarifa za uongo msiandike, kwa sababu zinaweza kuwanyang'anya jina. Tafuteni taarifa za kweli zisizomweka mtu hatarini.

Vilevile, msitume orodha za wanachama zenye namba za vitambulisho kwa barua ovyo. Sheria ya Rwanda ya kulinda taarifa binafsi, namba 058/2021, inamhusu kila anayekusanya na kutunza taarifa za watu.

Jihadharini na matapeli

Mkishajua domeni ni nini, mna silaha ya kupimia barua zinazowafikia. Msiangalie jina linaloonyeshwa juu. Hilo mtu huandika apendavyo. Angalieni kilicho baada ya @. Wafanyakazi wa UNHCR huandika kutoka anwani inayoishia na @unhcr.org. Anwani ya bure yenye neno unhcr kabla ya @, au domeni inayofanana tu, isikushtue wala kukutia tamaa. Huduma zote za UNHCR na washirika wake ni za bure, yakiwemo makazi mapya katika nchi ya tatu. Anayedai fedha kwa ajili yake ni mwizi.

Kuna mitego mingine miwili inayowalenga wenye domeni:

- Barua inayosema jina lenu linaisha kesho, lipeni hapa haraka, kutoka kampuni msiyoijua. Msibofye. Ingieni wenyewe kwenye akaunti ya msajili wenu na kuangalia tarehe.
- Barua ya mteja au muuzaji mnayemfahamu ikisema namba yake ya malipo imebadilika. Mpigieni kwa namba ya zamani kabla ya kutuma hata faranga moja.

Mkishatapeliwa, hifadhini barua bila kuifuta na mtoe taarifa kwa RIB, ambayo namba yake ya bure ni 166.

Maswali tunayoulizwa

*Je, mkimbizi anaweza kuwa na domeni?* Kwa .com na .org msajili hutaka taarifa sahihi za mawasiliano na malipo, si uraia. Kwa .rw, mwulizeni msajili anahitaji karatasi gani, na nendeni na kitambulisho cha mkimbizi au cheti cha kikundi.

*Lazima tuwe na tovuti?* Hapana. Domeni inaweza kutumika kwa barua pepe peke yake. Tovuti mnaweza kuiongeza baadaye kwa jina hilohilo.

*Hatuna kompyuta.* Simu inatosha kwa kusoma na kujibu. Kuweka rekodi ni rahisi zaidi kwenye kompyuta. Nendeni sehemu ya huduma za intaneti mara moja, watu wawili, na mkimaliza ondokeni kwenye akaunti zote. Msikubali mashine ya watu ihifadhi neno la siri.

*Bando letu ni dogo.* Zimeni upakuaji wa picha kiotomatiki, na punguzeni viambatisho. Gmail haikubali kutuma kiambatisho kinachozidi megabaiti 25, na picha moja ya cheti haina haja ya kuzidi moja.

*Tumesahau kulipia. Tufanye nini?* Mpigieni msajili siku hiyohiyo. Kwa .com na .org wasajili wanatakiwa kuwakumbusha takriban mwezi mmoja na wiki moja kabla ya muda kuisha, na jina likishafutwa huwa kuna siku 30 za kulikomboa, ila kwa gharama kubwa zaidi. Kwa .rw fuateni kanuni za RICTA. Katika hali zote, kila siku inayopita inawasogeza karibu na kulipoteza.

Orodha ya kubandika ofisini

- Jina limesajiliwa kwa jina la kikundi, na kumbukumbu ya kikao ipo.
- Watu wawili wanaweza kuingia kwenye akaunti ya msajili.
- Tarehe ya kulipia upya imeandikwa ukutani, si kwenye simu ya mtu mmoja.
- Ada ya mwaka ujao imetengwa.
- MX, SPF, DKIM na DMARC zimewekwa na kujaribiwa.
- Uthibitisho wa hatua mbili hautegemei laini ya simu, na namba za akiba zimo kwenye bahasha.
- Taarifa za mwenye jina hazimweki mwanachama yeyote hatarini.
- Anwani ya zamani bado inaelekeza barua kwenye mpya.
- Siku ya makabidhiano ya uongozi, maneno ya siri hubadilishwa kabla watu hawajatawanyika.